Mabao 49 ya Sven Rydell: ni ya mtu au ni ya zama zake?

Tarehe 4 Septemba 2014, mjini Solna, nje kidogo ya Stockholm, Zlatan Ibrahimović aliifunga Estonia mabao mawili na Uswidi ikashinda 2-0. Mechi yenyewe ilikuwa ya kirafiki, ya kupasha misuli kabla ya kuanza kusaka tiketi ya Euro 2016. Lakini bao la pili lilikuwa la 50 kwa Zlatan akiwa na jezi ya taifa, na kwa bao hilo akawa mfungaji bora wa Uswidi wa wakati wote. Ikabidi lifukuliwe jina ambalo vijana wengi hawakuwa na habari nalo: Sven Rydell, ambaye mabao yake 49 yalikuwa hayajapitwa tangu mwaka 1932. Miaka 82. Bahati mbaya ya mwenye rekodi ya zamani ndiyo hiyo, hukumbukwa siku anayonyang'anywa.

Ubishi unaofuata baada ya rekodi kama hiyo kuvunjwa, kila mpenzi wa soka anaujua. Upande mmoja unashika kikokotoo. Rydell alicheza mechi 43 na kufunga mabao 49, yaani zaidi ya bao moja kila aliposhuka uwanjani. Zlatan alipostaafu alikuwa na mabao 62 katika mechi 122, sawa na bao moja kwa kila mechi mbili. Kwa hesabu hiyo, wanasema, Zlatan kampita mzee kwa wingi tu, kwa ukali hajamgusa. Upande wa pili unaguna. Soka la miaka ya 1920, wanasema, lilikuwa la mabeki wawili na washambuliaji watano, wachezaji walikuwa watu wenye kazi zao za mchana, wapinzani walikuwa majirani wale wale kila mwaka, na mabao yaliuzwa bei ya jioni. Mpeleke Zlatan kwenye mechi zile halafu uhesabu.

Nimezipitia hoja za pande zote mbili na kila upande una haki yake. Tatizo langu ni kwamba wote wanaing'ang'ania 49, na 49 ni namba ya kuangaliwa kwa tahadhari ukitaka kumpima Rydell. Ipo namba nyingine ndogo zaidi ambayo mimi ningeiweka mbele.

Kwanza tumjue mwenyewe. Rydell alizaliwa Göteborg tarehe 14 Januari 1905 na kufariki mwaka 1975. Göteborg ni mji wa bandari ulioko magharibi mwa Uswidi, mji ambao Waswidi waliuita London Ndogo kwa jinsi Waingereza na Waskoti walivyojaa humo kwa biashara na kazi za viwandani. Soka liliingia Uswidi kwa mlango huo. Klabu ya Örgryte, ambayo Rydell alikuja kuichezea, ndiyo iliyoshinda mechi ya kwanza ya soka iliyopangwa rasmi nchini humo, mwezi Mei 1892. Rydell alipitia Holmens na Redbergslid, klabu za mji huo huo, na jina alilipata akiwa na Örgryte. Timu ya taifa alianza kuichezea mwaka 1923, akiwa na miaka 18.

Sasa tuwasikilize wanaomshusha, maana hoja zao ni nzito kuliko watetezi wake wanavyotaka kukubali.

Hoja yao kubwa kabisa si Rydell mwenyewe, ni majirani zake. Denmark ilikuwa na Poul Nielsen, aliyecheza kati ya mwaka 1910 na 1925 na kufunga mabao 52 katika mechi 38. Norway ilikuwa na Jørgen Juve, mabao 33 katika mechi 45, aliyeiacha timu ya taifa mwaka 1937. Angalia rekodi hizo zilivyodumu. Ya Nielsen ilifikiwa na Jon Dahl Tomasson kwenye Kombe la Dunia la 2010, na Tomasson aliishia hapo hapo kwenye 52 baada ya mechi 112. Ya Rydell ilipitwa 2014. Ya Juve ilivunjwa na Erling Haaland mwezi Oktoba 2024. Nchi tatu jirani, wafungaji watatu wa zama karibu moja, na rekodi zote tatu zikadumu karibu karne nzima. Ukiona nyumba moja mtaani haina deni dukani utasema mwenye nyumba ni mtu makini. Ukiona mtaa mzima hauna deni utaanza kuuliza kama duka hilo linakopesha.

Kwa hiyo, wanasema, kilichodumu ni zama. Nchi hizi zilichezeana zenyewe kwa zenyewe mwaka hadi mwaka, na walipotoka nje kidogo walikutana na timu ambazo ndiyo kwanza zinajifunza. Mwaka 1927 Uswidi iliifunga Latvia 12-0, na hadi leo huo ni miongoni mwa ushindi wake mkubwa kuliko wote. Katika ligi mambo yalikuwa vile vile. Msimu wa kwanza kabisa wa Allsvenskan, ligi kuu ya Uswidi, ule wa 1924–25, Filip Johansson wa IFK Göteborg alifunga mabao 39 katika mechi 22, na hakuna aliyewahi kuyafikia tena. Watu hawa wote hawawezi kuwa walizaliwa na miguu ya dhahabu katika muongo mmoja, wanasema. Kuna kitu katika mchezo wenyewe kilichokuwa kikimpendelea mfungaji.

Kitu hicho kimojawapo kinajulikana kwa jina: sheria ya kuotea. Hadi mwaka 1925 mshambuliaji alihesabiwa kaotea kama hakukuwa na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Mwaka huo wakapunguzwa kuwa wawili. Kabla ya hapo, beki mmoja mjanja alisogea mbele hatua chache na mpinzani akajikuta kaotea, huku nyuma akiwa bado yupo beki mwenzake na kipa. Baada ya hapo ujanja ule ukawa wa hatari. Matokeo yalionekana palepale. Katika ligi ya Uingereza mabao yalipanda kutoka 4,700 msimu wa 1924–25 hadi 6,373 msimu uliofuata. Sehemu kubwa ya maisha ya Rydell katika timu ya taifa iko upande huu wa pili wa mstari, katika miaka ambayo mabeki kote duniani walikuwa hawajajua wajipange vipi.

Hoja ya tatu haisemwi sana, lakini mimi naiona kali. Pamoja na mabao yote hayo, Uswidi ilishinda nini? Mwaka 1924 yalianzishwa mashindano ya nchi za Skandinavia, ya mechi zilizosambazwa kwa miaka kadhaa. Awamu ya kwanza, iliyomalizika 1928, ilichukuliwa na Denmark. Ya pili, iliyomalizika 1932, ikachukuliwa na Norway. Uswidi ilitwaa awamu ya tatu, Rydell akiwa ameshaondoka. Mfungaji wa bao moja na ushee kila mechi, na katika muongo wake wote nchi yake haikuwa bingwa hata wa mtaa wake.

Hapo ndipo ninapoanza kuwageuzia kibao. Hoja hiyo ya mwisho inakata kuwili. Kama majirani walikuwa dhaifu kiasi kinachosemwa, Denmark na Norway zilipataje kuitangulia Uswidi mara mbili mfululizo? Huwezi kusema kwa mdomo mmoja kwamba Rydell aliwafunga watoto, kisha kwa mdomo huo huo ukamlaumu kwamba hao watoto walimnyang'anya kombe. Chagua moja. Uswidi ya wakati ule ilikuwa timu nzuri isiyo ya kutisha, ikicheza na timu za kiwango chake au karibu na kiwango chake, na ndani ya timu hiyo alikuwemo mtu mmoja aliyefunga kuliko wenzake wote.

Na wenzake ndio mizani ambayo watu huisahau. Kama zama ndizo zilizofunga mabao yale 49, basi zingemfungia na mwingine. Per Kaufeldt wa AIK alikuwa mshambuliaji hodari, aliyecheza bega kwa bega na Rydell, dhidi ya mabeki wale wale na chini ya sheria ile ile ya kuotea. Hakufikia hata nusu ya mabao ya Rydell. Aliyemfuata katika miaka ya 1930 ni Sven Jonasson wa Elfsborg, mtu aliyefunga mabao 254 katika Allsvenskan, idadi ambayo hadi leo hakuna aliyeipita katika ligi hiyo. Kwenye jezi ya taifa hakuikaribia 49. Zama ziliwapa wote mteremko mmoja. Mmoja tu ndiye aliyekwenda kasi ile.

Nirudi kwa Haaland kidogo. Alipoipita rekodi ya Juve alikuwa na mabao 34 katika mechi 36, katika soka la leo lenye mabeki wanaolala na kuamka wakifanya kazi hiyo moja, wachambuzi wa video, na makocha wa kila kiungo cha mwili. Wale wanaosema wastani wa bao moja kwa mechi ni mazingaombwe ya zamani, yasiyowezekana katika soka la kweli, wana kazi ya kumweleza huyu. Haithibitishi kwamba Rydell angefunga leo. Inathibitisha tu kwamba wastani wake peke yake hauwezi kutumika kama ushahidi wa udhaifu wa zama zake.

Lakini tuje Paris, maana kesi ya Rydell iko Paris.

Mwaka 1924 hakukuwa na Kombe la Dunia. Mashindano makubwa ya soka duniani yalikuwa ya Olimpiki, na mwaka huo timu 22 zilikwenda Ufaransa. Rydell alikuwa na miaka 19. Uswidi ilianza na Ubelgiji. Leo jina hilo halistui sana mtu anayefikiria miaka ya 1920, lakini Ubelgiji ndiyo iliyokuwa bingwa mtetezi, mwenye medali ya dhahabu ya Antwerp 1920. Uswidi ilimfunga bingwa huyo 8-1. Rydell mabao matatu, Rudolf Kock mabao matatu, na mengine mawili wakagawana Charles Brommesson na Tore Keller.

Robo fainali ilikuwa dhidi ya Misri, na hapa msomaji wa Afrika ana sababu ya kutulia kidogo. Misri ilikuwa timu ya kwanza ya bara letu kucheza soka la Olimpiki, mwaka 1920, na safari hii ilikuwa imeishangaza dunia kwa kuitoa Hungaria 3-0. Hungaria ile ilikuwa inahesabiwa miongoni mwa timu za kutwaa kombe. Kwa hiyo Wamisri waliingia mechi na Uswidi wakiwa na jina. Walifungwa 5-0, na bao moja lilikuwa la Rydell. Nusu fainali Uswisi ikaizima Uswidi 2-1. Mechi ya kugombea medali ya shaba dhidi ya Uholanzi ikaisha 1-1, na kwa kuwa wakati ule hapakuwa na mambo ya penalti, ikarudiwa. Ya marudiano Uswidi ilishinda 3-1, na Rydell akafunga mawili kati ya hayo matatu.

Jumla mabao sita, katika mashindano ambayo Uswidi ilicheza mechi tano. Namba niliyosema ningeiweka mbele ya 49 ndiyo hii.

Angalia inavyojibu hoja zilizotangulia. Wanasema sheria mpya ya kuotea ilimrahisishia kazi. Mabao haya sita yalifungwa mwaka mmoja kabla ya sheria kubadilishwa, chini ya masharti ya wapinzani watatu. Wanasema alifunga majirani waliozoeana. Hakuna hata moja kati ya sita alilolifunga dhidi ya jirani wa Skandinavia; ni Ubelgiji, Misri na Uholanzi. Wanasema mechi za kirafiki. Hizi zilikuwa za mtoano, ukifungwa unapanda treni. Wanasema uzoefu na mwili wa mtu mzima dhidi ya vijana wa ridhaa. Kijana alikuwa yeye.

Wapinzani wana la kujibu hapa pia, na nisilifiche. Olimpiki ya 1924 haikuwa dunia nzima. Waingereza hawakuwepo kwa sababu ya ugomvi wao wa nani ni mchezaji wa ridhaa na nani si wa ridhaa. Ujerumani haikualikwa, vita vya kwanza vya dunia vilikuwa bado havijasahaulika. Austria na Denmark hazikuwepo. Na timu iliyotwaa dhahabu, Uruguay, Uswidi haikukutana nayo. Ingekutana nayo huenda tungekuwa tunasimulia hadithi nyingine, kwa jinsi Uruguay ile ilivyokuwa ikiwachezesha watu ngoma wasiyoijua. Yote ni kweli. Lakini mashindano gani ya miaka ile yalikuwa bora kuliko hayo? Mtu hupimwa kwenye mlango mkubwa uliokuwepo wakati wake.

Tukitoka Paris tunakuta jambo linaloitia doa ile miaka 82 ambayo watu huitaja kana kwamba ndiyo cheti cha Rydell. Rekodi hudumu kwa sababu mbili: ama haifikiki, ama wanaoikaribia wanazuiwa njiani. Ya Rydell ilidumu kwa sababu ya pili, na aliyezuiwa ana jina. Ni Gunnar Nordahl.

Nordahl alikuwa mtu wa miraba minne kutoka kaskazini mwa Uswidi, na ndiye aliyeongoza safu ya ushambuliaji Uswidi ilipotwaa dhahabu ya Olimpiki mjini London mwaka 1948. Hadi mwisho wa mwaka huo alikuwa na mabao 43 katika mechi 33. Wastani wake ulikuwa mkubwa kuliko wa Rydell. Alibakiza mabao sita tu kumfikia, na kwa mwendo wake zilikuwa mechi tano hivi. Mwezi Januari 1949, akiwa na miaka 27, Milan ikamchukua. Na kwa kuwa chama cha soka cha Uswidi wakati ule kilikuwa hakimruhusu mchezaji wa kulipwa kuvaa jezi ya taifa, mlango ukafungwa hapo hapo. Nordahl akaenda kuwa mfungaji bora wa ligi ya Italia mara tano, akaifungia Milan mabao 210 ya ligi, na nchi yake haikumwita tena. Uswidi ilikwenda Kombe la Dunia la 1950 bila yeye, ikashika nafasi ya tatu. Ilipofika 1958, Kombe la Dunia likifanyika Uswidi kwenyewe, wachezaji wa kulipwa wakarudishwa kundini. Nordahl alikuwa na miaka 36, muda wake ulikuwa umepita.

Kuna kakitendawili ndani ya habari hiyo. Mwenyekiti wa kamati iliyokuwa ikichagua timu ya taifa katika miaka hiyo ya Nordahl alikuwa Rudolf Kock, yule yule aliyefunga mabao matatu pamoja na Rydell siku ile ya Ubelgiji. Sharti la ridhaa hakulitunga yeye, na simlaumu. Ila mchezaji mwenzake wa Paris ndiye aliyekuwa mezani wakati sheria ikimlinda Rydell dhidi ya mtu ambaye angempita kabla ya mwaka kwisha.

Kwa hiyo mtu akiniambia Rydell alikuwa mkubwa kwa sababu rekodi yake ilikaa miaka 82, nasema hapana. Kwa haki ilikuwa ikae miaka 17. Miaka iliyobaki ilikuwa kazi ya kanuni. Baada ya Nordahl ilibidi kusubiri Uswidi ipate mshambuliaji wa hali ya juu aliyecheza timu ya taifa kwa muda mrefu sana bila kuzuiwa na mtu. Henrik Larsson, pamoja na utamu wake wote, aliishia mabao 37 katika mechi 106. Ndiyo ikabaki kwa Zlatan.

Na kwa Zlatan nisiwe mnyimi. Alianza timu ya taifa mwaka 2001 na mechi ya mwisho akaicheza 2023. Alifunga kwa kisigino dhidi ya Italia kwenye Euro 2004, bao ambalo kila niliangaliapo bado sielewi mguu ulifikaje kule juu. Mwaka 2012 aliifunga Uingereza mabao manne peke yake, la mwisho likiwa tikitaka ya kutoka mbali ambayo hata aliyekuwa anamchukia alipiga makofi. Alifanya hayo akiwindwa na mabeki wanaolipwa vizuri kumzuia, na timu yake mara nyingi ilikuwa ya kawaida.

Lakini wale wanaomdharau Rydell kwa kufunga vibonde na kwenye mechi za kirafiki, wakumbuke bao la 50 la Zlatan lilifungwa katika mechi gani. Ya kirafiki. Dhidi ya Estonia, taifa la watu wasiofika milioni moja na nusu. Na Septemba 2004 Zlatan alifunga manne dhidi ya Malta katika ushindi wa 7-0. Simvunjii heshima, kila mfungaji wa taifa lolote ana fungu la mabao ya namna hiyo, na wa leo wanacheza mechi za kufuzu dhidi ya visiwa na vinchi ambavyo katika miaka ya Rydell havikuwa hata na timu ya taifa. Kipimo cha vibonde kikitumiwa, kitumiwe kwa wote wawili.

Tukiweka vibonde pembeni na kubakiza mashindano makubwa tu, hesabu inakuwa hivi. Zlatan alicheza Kombe la Dunia mara mbili, 2002 na 2006, hakupata bao. Alicheza Euro mara nne, kuanzia 2004 hadi 2016, akapata mabao sita. Rydell alicheza mashindano makubwa mara moja, akapata mabao sita.

Mtu atasema nachagua namba inayonipendeza, na kwa kiasi fulani ni kweli. Mashindano manne ya Euro, kila moja likiwa na kundi la timu ngumu, hayalingani na wiki mbili za Paris. Zlatan alipofika Euro, kila beki alikuwa ameshamwangalia mara mia. Rydell alipofika Paris, Wabelgiji hawakuwa na mkanda wa kumsoma. Hilo linampunguzia, na ndiyo maana sisemi Rydell ni bora kuliko Zlatan. Sidhani swali hilo lina jibu la maana. Ninachosema ni kwamba ukimtafuta Rydell wa kweli usimtafute kwenye wastani wa 49 kwa 43, ambao umechanganya mchele na chuya, mechi nzito na mechi za kujifurahisha. Mtafute pale alipokabiliwa na wageni, akiwa na miaka 19, chini ya sheria ngumu. Pale alikuwa mzima.

Kuna ushahidi mwingine ambao naupa uzito, kwa sababu umetoka kwa watu waliomwona kwa macho. Gazeti la Svenska Dagbladet la Stockholm limekuwa likitoa medali ya dhahabu kila mwaka tangu 1925 kwa tendo kubwa kuliko yote katika michezo ya Uswidi. Miaka ya mwanzo walipewa watu wa mchezo wa mtu mmoja mmoja: Arne Borg mwogeleaji, Edvin Wide mkimbiaji, Gillis Grafström wa kuteleza kwenye barafu. Mwaka 1931 akapewa Rydell, mchezaji soka wa kwanza kuipata. Waliomchagua hawakujua kwamba rekodi yake itakaa hadi 2014, na hawakuwa na Zlatan wa kumlinganisha naye. Walikuwa na wenzake wote wa zama zile zile za mabao ya bei ya jioni, na bado wakaona huyu ni tofauti.

Jambo linalobaki kunisumbua ni milango aliyokuta imefungwa. Olimpiki ya 1928 ilifanyika Amsterdam, karibu kabisa na kwao, Rydell akiwa na miaka 23. Uswidi haikupeleka timu ya soka. Mwaka 1930 likaja Kombe la Dunia la kwanza. Uswidi ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoomba kuliandaa, lakini likapewa Uruguay, na safari ya meli ya wiki kadhaa ikawashinda Wazungu wengi. Zilivuka bahari timu nne tu za Ulaya: Ufaransa, Ubelgiji, Romania na Yugoslavia. Mwaka 1932 Olimpiki ya Los Angeles haikuwa na soka kabisa. Mtu aliyeng'ara Paris akiwa kijana akajikuta miaka yake yote ya utu uzima hana uwanja wa namna ile wa kujipima. Mechi 43 katika miaka kumi, yaani nne au tano kwa mwaka, nyingi zikiwa za majirani. Wanaomlaumu kwa kuwafunga majirani hawaulizi ni nani mwingine aliyewekewa mbele yake.

Na mlango ukafunguka baada tu ya yeye kuondoka. Mei 1934, mjini Bologna, Uswidi ilicheza mechi yake ya kwanza kabisa ya Kombe la Dunia na kuitoa Argentina 3-2. Sven Jonasson alifunga mawili, Knut Kroon la tatu. Rydell alikuwa na miaka 29 siku hiyo, na jezi ya taifa alikuwa ameshaivua miaka miwili nyuma.